Tone la Asidi juu ya Ndege wa Njano

Watu wa Mbunya, mtaa wa mji wa Bunia, watakuambia kwamba Papa Marcellin Uyirwoth ni mtu wa ajabu, na hapo hakuna wa kuwabishia. Mtu amepiga pasi mashati ya wageni tangu ujana mpaka mvi, na kila mgeni alipofunga mizigo akamwuliza, "Nikuachie nini?", yeye alijibu, "Niachie piesi moja ya feza ya kwenu," yaani sarafu. Wenzake walichukua magodoro, redio, viatu, hata friji ambazo hazikuwahi kuona umeme tena. Mpishi wa nyumba ile ile alipewa baiskeli, akaipanda mpaka kwake huku watoto wakimkimbilia nyuma kwa vigelegele. Marcellin alirudi na kitu kidogo mfukoni, na mkewe, Mama Dorcas, akamnunia hadi Jumapili.

Lakini Marcellin hakuwa mjinga. Baba yake, huko Mahagi, aliwahi kuuza ng'ombe wake wote akajaza noti za zaire kwenye sanduku la bati, akalilalia kama kuku anayelalia mayai. Asubuhi moja redio ikasema noti zile si pesa tena. Mzee alilifungua sanduku, akaliangalia, akalifunga, na tangu siku hiyo hakuongea na redio wala na mtu aliyeileta. Halafu vilipokuja vita vya Bunia, Marcellin na Dorcas walikimbia na godoro kichwani, na kilima cha kwanza kiliwashinda, wakaliacha njiani. Tangu hapo aliamini mambo mawili tu kuhusu mali: karatasi inaweza kufa ikiwa imelala sandukuni, na kitu kisichoenea kwenye kiganja hakiwezi kukimbia na mwenyewe.

Aliyemfungua macho ni daktari mmoja mzungu, Monsieur Henri, aliyekaa katika nyumba ya shirika la misaada ambamo Marcellin alikuwa akifua na kupiga pasi. Siku moja Marcellin alikuta kwenye mfuko wa suruali yake sarafu nene, nyeupe, imefungwa ndani ya kifuniko cha plastiki kinachong'aa. Akairudisha. Daktari alifurahi hadi akakaa naye jikoni kumweleza. Hii si pesa ya kununulia sukari, akasema. Ni sarafu ya ukumbusho. Nchi huitengeneza kwa madini halisi ya fedha ili kukumbuka jambo fulani, labda arusi ya mfalme, daraja, mashindano, mnyama anayetoweka, na watu huinunua ili waiweke tu. Ishike ukingoni, usiiguse usoni, kwa sababu jasho la kidole halitoki. Usiisugue hata ikififia. Mtu akiisugua kwa majivu na ndimu ili ing'ae, amekwisha kuiua. Tunza kifuniko chake na karatasi yake. Halafu ngoja.

"Mpaka lini?" Marcellin aliuliza.

Daktari hakumdanganya. Alisema nyingi hazipandi bei hata kidogo. Zilizotengenezwa kwa wingi hubaki na thamani ya madini yake tu, na madini yenyewe hupanda na kushuka apendavyo anayenunua. Zile chache, zisizoguswa, zilizotunzwa na subira, ndizo huenda baada ya miaka ishirini au thelathini zikapata mtu wa kuzitafuta. Huenda. Marcellin alilipenda neno lile, kwa sababu wote waliowahi kumwahidi utajiri maishani mwake hawakuwahi kulitumia. Siku Henri alipoondoka, alimwachia sarafu ile.

Baada yake walikuja wengine, nao wakaondoka. Mmoja alimwachia meli, mwingine kanisa, mwingine mfalme mwenye pua ndefu. Hata ziko sarafu zenye jina la Kongo, zilizotengenezwa mbali na kuuzwa mbali, ambazo hakuna mama yeyote wa soko la Bunia aliyewahi kurudishia mteja kama chenji. Marcellin alipata mojawapo, akacheka peke yake kuona jina la nchi yake juu ya kitu ambacho nchi yake haijakiona. Zote alizilaza kwenye kopo la maziwa ya unga, na vipande vya makaa ya pasi ndani yake vinyonye unyevu, na kopo akalichimbia chini ya stoo ya makaa. Zilikuwa za Jemima. Jemima ni mjukuu wake, binti wa binti yake marehemu, na baba yake alipotelea kwenye machimbo ya dahabu ya Bambu kabla mtoto hajaota meno. Babu aliapa kwamba huyu mtoto hatachukua maisha yake kutoka mikononi mwa mtu wa machimbo. Akiwa mtu mzima, zile sarafu zitamfungulia mlango. Ni hayo tu aliyoyataka, na wala hayakuwa mengi.

Ya mwisho kuja ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Madame Priscille, mwanamke mpole wa shirika lile, alimpa siku shirika lilipofunga ofisi na kuwaaga wafanyakazi wote. Ilikuwa nyeupe kama nyingine, ila katikati palisimama ndege mwenye taji kichwani, na ndege huyo alikuwa wa njano. Marcellin alidhani ni rangi, kama ile ya kuta za kanisa. Hakuuliza.

Basi shirika likaondoka, na Marcellin akaleta ufundi wake barazani kwake Mbunya, na pasi yake ya makaa na meza iliyotandikwa blanketi. Jemima alipopokea komunyo ya kwanza, nyumba ilijaa. Kulikuwa na mchele, nyama ya mbuzi, vinywaji, na Marcellin, ambaye kwa kawaida si mnywaji, alikunywa chupa mbili. Furaha ilimpanda kichwani. Akaingia stoo, akarudi na ndege wa njano, akamnyanyua juani mbele ya wageni wote.

"Hii," alisema, "ni ya Jemima yangu."

Jua la mchana lilimpiga yule ndege, akawaka. Jirani wa Marcellin, Mama Gertrude, mama mwenye moyo mwema na mdomo usiofungwa, alisogea mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Ee Papa Marcellin! Kumbe weye iko na mali vile, na siye batu ya pembeni hapana jua!"

"Hapana mali, Mama Gertrude. Ni piesi ya kuangalia tu. Iko na zingine mingi kama hii."

Hilo neno moja, mingi, angelinunua tena kwa chochote alichokuwa nacho. Bunia ni mji wa dahabu. Hapa mtoto anajua uzito wa punje kabla hajajua kusoma, na kitu cha njano kinachong'aa hakihitaji maelezo. Siku chache tu baadaye Dorcas alisikia sokoni habari za mzee mmoja wa Mbunya aliyeachiwa dahabu na wazungu. Kopo lilikuwa limekuwa ndoo. Habari ilipofika Bambu na kurudi, ndoo ilikuwa gunia.

Marcellin alicheka mwanzoni. Kisha akaja yule kijana.

Alikuja saa ya mchana, watu wakipita barabarani, kwa adabu zote. Jina lake alisema ni Chance. Alikuwa na shati jeupe mkononi.

"Jambo yako, muzee. Mi naleta shati, unipigie pasi."

"Jambo sana, mutoto yangu. Jioni itakuwa tayari."

"Hakuna haraka, muzee. Siye iko na wakati."

Akakaa kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa, akaangalia ua, akaangalia mlango wa mbele na wa nyuma, akauliza kama babu analala na nani humo ndani. Alipoondoka, Marcellin alilikunjua shati juu ya meza. Mkono wake ukabaki na pasi hewani. Shati lilikuwa limekwisha kupigwa pasi, tena vizuri, kola imesimama, mikono imenyooka, hakuna mkunjo hata mmoja. Miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumletea shati lililopigwa pasi. Aliogopa, na aliogopa kweli, akairudisha pasi mahali pake, akaketi.

Wiki iliyofuata Chance alileta shati lile lile.

Sasa lazima ujue kilichokuwa kimetokea kwa mjane mmoja upande wa pili wa mji, kwa sababu Marcellin alikuwa akikiwaza usiku na mchana. Ilisemwa kwamba mjane huyo anaficha dahabu kwenye pipa la unga. Watu walikuja, wakamwaga pipa, wakakuta unga. Ni unga kweli uliokuwa humo tangu mwanzo. Na kwa hasira ya kukuta unga, walimfanyia yeye na watoto wake yale ambayo majirani mpaka leo hawayasemi mbele ya mtoto. Ukweli haukumsaidia mjane, kwa sababu ulijulikana baadaye. Marcellin akaona njia ni moja. Ukweli wake yeye ujulikane kabla.

Akaenda kwa rafiki yake Kasereka, mnunuzi wa dahabu mwenye kibanda karibu na soko, mtu aliyeheshimiwa kwa sababu hakuwahi kumpunja mchimbaji mbele ya macho yake. Kasereka ana chupa ndogo ya asidi, na kila mtu Bunia anajua kazi yake. Ukidondosha tone juu ya dahabu, dahabu inanyamaza. Ukidondosha juu ya madini mengine, yanachemka na kutoa harufu, na hapo hakuna tena wa kubishana.

"Mi nataka uje nyumbani kwangu na ile chupa," Marcellin alimwambia. "Mbele ya batu yote. Upime piesi zangu zote."

Kasereka alimtazama. "Papa, weye najua hii dawa nakula feza? Tone moja, na piesi naharibika. Haitarudia vile ilikuwa."

"Najua."

"Miaka yote weye hapana gusa hata na kidole. Sasa?"

"Batu banaona zahabu mu nyumba yangu. Nataka baone moshi."

Jumapili baada ya misa alialika mtaa mzima. Mama Gertrude alisaidia kuita, na kwa kazi hiyo hakuna wa kumshinda. Meza ya pasi ilitolewa uani na blanketi likaondolewa. Marcellin alilileta kopo, akazitoa sarafu mojamoja kutoka kwenye vifuniko vyake, na kwa mara ya kwanza maishani alizishika usoni kwa dole gumba, kwa sababu sasa haikuwa na maana tena. Dorcas alikuwa mlangoni amejikumbatia. Jemima alikuwa amemshika sketi, na gauni lake jeupe la komunyo lilikuwa likining'inia kwenye kamba ya nguo. Nyuma ya kundi, karibu na ua wa matete, Chance alikuwa amesimama amekunja mikono. Marcellin alimwona, na kwa kweli alifurahi kumwona. Ni yeye hasa aliyealikwa.

Kasereka akaanza na meli. Tone likaanguka, likachemka, harufu kali ikapanda, na bahari yote ya ile sarafu ikageuka doa la kijivu.

"Si zahabu," Kasereka alitangaza.

Kanisa likachemka. Mfalme mwenye pua ndefu akapoteza pua. Sarafu ya Kongo ikaungua palipokuwa na jina la nchi. Kila mara tone lilipoanguka Marcellin aliumia kifuani, aliumia sawasawa na mtu anayechomwa, lakini akasimama wima na kutabasamu, kwa sababu watu walianza kunong'ona na kucheka, na kicheko ndicho alichokuwa akikinunua. Mmoja alisema, "Kumbe ni bati ya wazungu!" Wengine wakaanza kuondoka. Mwisho ikadondoshewa ile ya daktari Henri, ya kwanza kabisa, na hapo Marcellin aligeuza uso.

"Imekwisha," alisema. "Munaona? Hapana kitu."

"Na ile ya ndege?" aliuliza Mama Gertrude.

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka tu jirani yake asafishwe kabisa, pasibaki hata neno. Lakini wote walikumbuka, na waliokuwa wakiondoka wakarudi. Marcellin alikuwa amemwacha ndege ndani ya kopo, chini ya vile vipande vya makaa. Moyo ulikuwa umemwomba amwachie Jemima moja tu. Sasa macho yote yalikuwa kwenye lile kopo. Akapeleka mkono ndani, akamtoa, akamweka mezani.

Kasereka aliinamia sarafu, akakunja uso, akafungua mdomo kusema kitu. Lakini kundi lilikuwa limemsonga. "Weka! Weka!" Akadondosha.

Tone lilitua juu ya ndege wa njano, likakaa pale, likiwa wazi na tulivu. Halikuchemka. Hakukuwa na moshi wala harufu. Ndege alisimama ndani ya asidi na taji lake, akiwaka kwenye jua la mchana.

"Sikilizeni," Kasereka alisema haraka, akipangusa tone kwa kitambaa. "Sikilizeni, hii ni ngozi tu! Banapaka zahabu kidogo juu, nyembamba sana, chini yake ni feza kama zingine. Mi nakwaruza, mutaona..."

Akamkwaruza ndege kwa ncha ya kisu, na kweli weupe ukatokea. Lakini nani alikuwa akiangalia weupe? Neno walilolisikia kutoka kwa mnunuzi wa dahabu ni zahabu, na jambo waliloliona kwa macho yao ni tone lililonyamaza. Watu walianza kutoka mmojammoja bila kuaga. Hakuna aliyetania. Hakuna aliyekunywa soda zilizokuwa kwenye beseni. Mama Gertrude alisimama na mkono mdomoni, akaelewa, akaanza kulia.

Kesho yake maneno ya mtaa yalikuwa yamekwisha kupangwa vizuri. Mzee ni mjanja. Amechoma mbele ya watu vile visivyo na kazi. Nani anayechoma mali yake yote kwa mkono wake mwenyewe, kama hana nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo? Kosa lake ni kwamba moja ya zile za kweli ilichanganyika na za uongo, na yule mnunuzi rafiki yake akajaribu kumfunika. Ukiyasikia maneno hayo kwa utulivu, yanaingia akilini. Hilo ndilo lililomkata Marcellin maini. Yeye mwenyewe, kama angekuwa jirani, angeyaamini.

Jumanne aliwapeleka Dorcas na Jemima kwenye maegesho ya malori yanayokwenda Mahagi. Aliwapekua mbele ya watu, makusudi na kwa sauti, akamwaga vitenge na sufuria chini, akageuza mifuko, akavua hata viatu vya mtoto akavikung'uta, ili kila jicho lione kwamba hawaendi na kitu. Jemima alilia kwa aibu. Marcellin alimwomba radhi, naye mtoto akamgeuzia mgongo.

Dorcas alikuwa amekwisha kupanda alipogundua kwamba mzee hana mzigo.

"Na weye?"

"Mi nabaki."

"Marcellin, panda hii gari! Ile nyumba ni matope na mabati tu. Baichukue!"

"Nikipanda, batasema nimetoka nayo. Batafuata mupaka Mahagi, batakuta mutoto. Nikibaki, batajua iko hapa." Akamshika mkono kupitia mbao za lori. "Ngoja unielewe, Mama. Hakuna kingine kimebaki cha kumupa mutoto."

"Koko, njoo!" Jemima alimwita babu yake kwa kelele kutoka juu ya magunia. Ni neno la kwanza alilomwambia siku hiyo. Lori likaondoka.

Aliporudi nyumbani alifanya jambo moja zaidi. Alizipanga sarafu zote zilizoungua kwenye sahani ya bati, ndege juu yake, akaiweka kwenye ukingo wa baraza, mahali ambapo mpita njia angeweza kunyoosha mkono. Waichukue basi, wakapime, wakayeyushe, wajue. Siku ya kwanza haikuguswa. Ya pili vilevile. Kuku walipanda wakaidonoa, mvua ikainyeshea, vumbi la pikipiki likatulia juu yake. Watu walipita upande wa pili wa barabara. Nani ataiba sahani iliyoachwa wazi hivyo, isipokuwa mtu anayetaka kuonekana mjinga? Marcellin alikaa karibu nayo mchana kutwa, meza yake ikiwa mbele kabisa ya baraza, ili ajulikane yupo.

Ijumaa Chance alikuja, kama kawaida mchana, kama kawaida na adabu. Safari hii alikuwa na wenzake wawili waliobaki kwenye pikipiki. Shati lilikuwa lile lile jeupe, limenyooka, halina mkunjo.

"Jambo yako, muzee. Mama hayuko?"

"Alisafiri."

"Ndiyo, siye nasikia. Na weye hutasafiri?"

"Hapana. Mi iko hapa tu."

"Vizuri, muzee. Vizuri sana."

Kijana aliinamia sahani. Akamwokota ndege aliyekwaruzwa, tena kwa vidole viwili, ukingoni, bila kumgusa usoni, akamgeuza juani huku na huku. Halafu akamrudisha taratibu palepale alipokuwa.

"Kitu ya muzuri hapana toka mbio," alisema. "Siye natangoja."

Akakaa kwenye benchi, akaomba maji. Marcellin akamletea. Kisha akaifungua pasi, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akalikunjua shati juu ya blanketi, na kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaanza na kola.